Kulungu Waliofuata Msumeno

Ludger Voisine alikuwa amekata miti tangu ana miaka kumi na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna kilichomfurahisha kama kuona kulungu wakimjia kazini. Mtu asiyeishi huku kaskazini mwa Maine, ambako mto ndio mpaka na ng'ambo yake ni Kanada, akisikia habari hiyo hudhani anapigwa kamba. Kulungu, mnyama anayeshtuka jani likidondoka, aje kwa miguu yake mwenyewe kwenye ngurumo ya msumeno wa mashine? Lakini huja. Theluji ya Januari ikishafika mapajani, njaa humshinda nguvu woga. Kulungu anajua kwamba ngurumo ile ikinyamaza, mti umeanguka. Na mti ukianguka, kile kilele ambacho hajapata kukifikia kinalala chini na majani yake mabichi, pamoja na zile ndevu za kijivu zinazoota kwenye matawi ya misonobari mikongwe. Ludger alikuwa akizima msumeno anywe kahawa, akigeuka anawakuta wanane au kumi wamesimama hatua ishirini nyuma yake, pumzi zinawatoka kama moshi, wanamsubiri asogee wale.

"Mimi nina wateja," alipenda kuwaambia watu nje ya kanisa siku za Jumapili. "Nikichelewa kazini wananinunia."

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na yeye na dada yake Olivette walirithi msitu wa mzee kwenye Kijito cha Lizotte. Sehemu ya juu ya msitu ule ilikuwa kama misitu mingine yoyote. Ya chini, pale kijito kinapotuama, palisongamana mierezi na misonobari mikubwa hata saa sita ya mchana ukiingia unadhani jua linazama. Mzee Voisine alipaita Zizini, ingawa hapakuwa na ua wala lango. Kila Desemba kulungu wa vilima vyote vya karibu waliteremka wakaingia humo, wakakaa hadi Aprili. Theluji nyingi ilinaswa na matawi huko juu, hivyo chini ikabaki ya kufika magotini tu. Upepo haukupenya. Kwato zao zilikanyaga vijia vilivyozunguka kila upande, na mnyama akitaka kuwakimbia mbweha wa huku, wakubwa na wenye kuwinda kwa kundi, alikuwa na njia. Majike waliwaleta ndama wao humo kama wao walivyoletwa na mama zao.

Mzee alikata miti humo kila mwaka, lakini alikata kama mwanamke anavyochuma mboga bustanini mwake: mti huu, mti ule, pembeni pembeni. Alifariki majira ya joto akiwa na miaka tisini. Vuli ya mwaka huohuo Rosaire Thériault akanunua mashine.

Rosaire alikuwa rafiki wa Ludger tangu walipokuwa wakiiba tufaha pamoja, mtu mnene, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Mashine yake ilikuwa na mkono mrefu uliokumbatia mti, ukaukata, ukaulaza na kuupogoa kabla hujamaliza kupiga chafya. Ludger alipokaa mara ya kwanza kwenye kile chumba cha dereva chenye joto, na kiti kinachobonyea kama sofa, magoti yake ya miaka sitini na moja yaliona raha ambayo hayakuwahi kuijua.

"Umeonaje, babu?" Rosaire aliuliza akiwa amesimama nje.

"Nimeona nilipoteza ujana wangu bure."

"Basi tuingie Zizini majira haya ya baridi. Tukate mara moja, tumalize, halafu magoti yako yapumzike. Wale wadudu wanaokula misonobari si wameshafika ng'ambo ya mto? Wataimaliza hiyo misonobari, tusimame tunaiangalia inakauka?"

Habari ya wadudu ilikuwa ya kweli, na ya magoti pia. Lakini Ludger alipokuja kujihoji baadaye, alikiri kwamba si wadudu wala magoti yaliyomshawishi. Alishawishika kwa sababu aliamini kabisa kwamba kulungu wanapenda kukatiwa miti. Si alikuwa amewaona kwa macho yake miaka arobaini na tano? Kama vilele kumi kwa siku viliwashibisha kulungu kumi, basi vilele mia vingewafanyia nini?

Kilichobaki kilikuwa sahihi ya Olivette. Dada yake alimzidi miaka sita, hakuwahi kuolewa, na tangu mke wa Ludger afariki ndiye aliyempikia kila Jumapili. Siku hiyo aliweka mezani maharage na sinia la ploye, vile vichapati vyembamba vya manjano vinavyopikwa upande mmoja tu, akasubiri ndugu yake apake siagi. Ludger akaitoa karatasi mfukoni, akaielezea.

"Zizini?" Olivette aliuliza. "Pote?"

"Tutaacha ule ukanda wa kando ya kijito. Sheria hairuhusu kuumaliza."

"Baba asingekubali."

"Baba hakuwa na mashine, dada."

"Baba alikuwa na akili. Kulungu watakaa wapi?"

"Watakaa palepale! Chakula kitakuwa tele. Wewe hujawahi kuwaona wanavyokuja nikiwasha msumeno. Wanakuja mbio kama watu wa harusi."

"Wanakuja kula," Olivette alisema. "Sikuuliza watakula wapi. Nimeuliza watakaa wapi."

Ludger alicheka. Aliona ni maneno ya mtu wa jikoni. Akarudi Jumapili iliyofuata na karatasi ileile, na iliyofuata tena, na mara ya nne Olivette akafuta mikono kwenye aproni, akachukua kalamu, akasaini bila kuisoma.

"Kula, vinapoa," alisema.

Walikata kuanzia Januari hadi katikati ya Machi. Ludger hakuwahi kuona kulungu wengi namna ile maishani mwake. Siku moja alihesabu sitini na saba kabla hawajachanganyikana, wakila vilele nyuma ya mashine bila kujali kelele, na jike mmoja alisogea karibu sana hata akalamba chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani iliyoganda kwenye gurudumu la pikapu yake. Magurudumu ya mashine yalikuwa yameishindilia theluji, kwa hiyo walitembea kama kwenye lami. Walinenepa. Wanyama kunenepa mwezi Februari! Rosaire alisimama juu ya gogo akafungua mikono kama padri.

"Njooni kwangu nyote mliochoka!" alipaza sauti.

Siku ya mwisho, waliporudisha mashine barabarani, Ludger aligeuka kutazama nyuma. Kutoka pale aliweza kuona hadi kilima cha pili, kitu ambacho hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kukiona akiwa amesimama mahali pale. Mwanga ulikuwa mwingi mno. Alipepesa macho, akasema ni theluji inayomulika.

Majira ya joto yalipokuja, uwazi ule ulijaa uhai. Vichaka vya mirasiberi viliota, machipukizi ya miti ya majani mapana yakatoka kwenye kila kisiki, na jioni kulungu walijaa humo kama mbuzi malishoni. Rosaire akajenga dungu la mbao ukingoni, na juu yake akaweka viti viwili vya kukunja. Jumamosi ya kwanza ya Novemba, msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, walipanda na bunduki na fulana zao za wawindaji za rangi ya chungwa, na hata kahawa haikuwa imepoa wakati dume alipotoka upande wa kaskazini akifuata harufu ya jike, pua chini, hana habari na dunia. Zamani, Zizini, ungemwona mnyama kama huyo kwa kipande: sikio hapa, mguu pale, na kabla hujajua ni nini ameshapotea. Huyu alivuka uwazi wote mbele yao kama mtu anayekatiza uwanja wa shule. Ludger alimpiga risasi moja. Pembe zake zilikuwa na ncha kumi.

Dukani, mahali wanyama wanapopimwa na kuandikishwa, watu waliizunguka pikapu. Rosaire alipata wake siku tatu baadaye, na mpwa wa Rosaire naye, na jamaa wawili waliowaomba ruhusa. Kila mtu mjini alikuwa na neno la kumsifu Ludger.

"Na wenye misitu yao waje wajifunze kwako," mwenye duka alisema. "Kata miti, upate kulungu."

Ludger alimpelekea Olivette paja zima na minofu ya mgongo. Olivette aliigeuza nyama mkononi, akatazama mafuta meupe yaliyoizunguka, akaiweka kwenye friza.

"Basi nilikosea," alisema. "Krismasi nitakuandalia pai sita za nyama badala ya nne."

Neno hilo lilimfurahisha Ludger kuliko pembe za dume.

Theluji nzito ya mwaka ule ilianza mapema, kabla wiki ya kwanza ya Desemba haijaisha, na ilipoanza ilisahau kuacha. Ilianguka, ikatulia siku mbili, ikaanguka tena. Ludger hakuwa na kazi msituni. Alikaa nyumbani akachonga vipini vya shoka na kuondoa theluji kwenye paa. Kila mara alijiambia atakwenda kuwaangalia wateja wake, na kila mara njia ilikuwa haijasafishwa. Mwishoni mwa Februari mvua ilinyesha siku moja, usiku wake baridi ikakaza, na juu ya theluji likafanyika gamba la barafu ambalo mbweha aliweza kukimbia juu yake, lakini kulungu akikanyaga lilipasuka.

Wiki ya kwanza ya Machi alivaa viatu vya theluji, vile vipana vinavyomzuia mtu asizame, akaingia kwa miguu.

Alidhani hatawakuta. Alidhani, kwa kuwa pamekuwa peupe, watakuwa wamekwenda kutafuta mahali pengine. Lakini walikuwa wamerudi. Majike walikuwa wamewaleta ndama wao mahali walipoletwa na mama zao, kwa kuwa hawakujua pengine pa kuwapeleka. Karibu na barabara ya zamani ya magogo alimkuta wa kwanza, ameketi kwenye theluji kama anayepumzika, amekauka. Ludger alimvunja mfupa wa paja kwa shoka. Uboho wa mnyama mwenye afya ni mweupe na mgumu kama mafuta ya nguruwe. Huu ulikuwa mwekundu, wa majimaji, kama jamu. Hatua hamsini mbele palikuwa na mwingine, na mwingine. Alipofika kumi na tisa aliacha kuhesabu.

Waliobaki hai aliwakuta kwenye ule ukanda wa kando ya kijito. Walikuwa kumi na wanne, wamesongamana chini ya miti michache iliyobaki, mbavu zinahesabika. Kila kijani kilichoweza kufikiwa na mdomo kilikuwa kimeliwa, na magome yalikuwa yametafunwa. Walimtazama. Hakuna aliyekimbia.

"Ngojeni," Ludger aliwaambia, kama mtu anayezungumza na watoto. "Ngojeni nije."

Kesho yake asubuhi alirudi na msumeno na kigari cha kuburuta kwenye theluji. Alikuwa ameshapanga. Kwenye ukanda hakutaka kugusa mti hata mmoja, kwa kuwa ndio uliokuwa umebaki kuwa paa. Ila juu, karibu na barabara, hatua kama mia tatu kutoka kijitoni, mashine ya Rosaire ilikuwa imeacha misonobari mitano iliyopinda isiyofaa mbao. Angeiangusha hiyo, akate matawi, ayaburute kwa kigari mpaka chini, awamwagie miguuni. Kwa magoti yake ingekuwa kazi ya siku nzima, na alikuwa tayari kuifanya kila siku hadi Aprili.

Ulikuwa mpango mzuri. Aliusahau upande mmoja tu, na upande huo ndio ule aliokuwa akiusimulia mwenyewe nje ya kanisa.

Alivaa vifunika masikio, akawasha, akauinamia mti wa kwanza huku mgongo ameuelekeza bondeni. Akauangusha, akaenda wa pili, akaenda wa tatu. Alipozima ili apumue, akageuka, aliwaona.

Walikuwa wameshatoka kwenye ukanda. Walikuwa kwenye uwazi, katikati, wamejipanga mstari mmoja, jike mkubwa mbele. Theluji ilimfika kifuani. Aliruka, gamba likapasuka, akazama, akatulia akihema ulimi nje, akaruka tena. Walio nyuma yake walijaribu kukanyaga alipokanyaga. Ludger aliona michirizi myekundu kwenye theluji, mahali ambapo barafu ilikuwa imewachana miguu.

"Rudini!" alipiga kelele. "Rudini nyuma! Nakuja mimi!"

Jike alisimamisha masikio, akaruka tena. Kimya cha msumeno kwake kilikuwa na maana moja tu: mti umeanguka, chakula kipo tayari. Ludger akauwasha tena ili awatishe, akaunyanyua juu ukinguruma, na papo hapo akatambua anachofanya, kwa sababu waliongeza mwendo. Aliuzima. Hapakuwa na sauti yoyote aliyoweza kuitoa duniani ambayo ingewarudisha.

Akabeba matawi kifuani mengi kadiri alivyoweza, akashuka akikimbia kama anavyoweza kukimbia mzee mwenye viatu vya theluji, akaanguka mara mbili. Wanne walimfikia, au yeye aliwafikia. Jike mkubwa alikula mkononi mwake huku akitetemeka mwili mzima. Wale wengine walikuwa wamelala njiani. Alikwenda kwa kila mmoja, akamwekea tawi puani. Ndama mmoja alilichukua, akaling'ata, hakulitafuna. Alikaa nalo mdomoni.

Ludger alibaki pale hadi jua lilipoanza kuteremka, akizunguka na matawi yake, akiwasukuma kwa mabega ili wainuke. Hakuna aliyeinuka.

Asubuhi iliyofuata, jua linapochomoza, alirudi. Nyayo za mbweha zilikuwa zimefuata ule mstari wote, kuanzia kijitoni hadi kwenye matawi. Hata wale wanne waliokula hawakuwa na nguvu ya kurudi walikotoka. Alitazama yaliyobaki muda mfupi tu. Kisha akaokota kigari chake akaondoka, na hakumwambia mtu.

Miezi ikapita. Aliacha kusema habari za wateja. Watu wakadhani ni uzee.

Novemba ilipofika Rosaire alimpitia na pikapu kabla hakujakucha vizuri, kama kawaida, na Ludger akapanda kama kawaida, kwa kuwa hakujua aseme nini ili asipande. Walikaa kwenye dungu siku ya kwanza. Mirasiberi ilikuwa imefika kifuani, chakula kimejaa tele, na hapakuwa na mdomo wa kukila. Wakakaa siku ya pili, ya tatu. Hadi siku ya tisa walikuwa wameona kindi, kunguru, na nyayo za kulungu mmoja aliyepita bila kusimama.

"Mbweha," Rosaire alisema. "Serikali inawalea mbweha, halafu inatuuzia sisi leseni ya kuwinda hewa."

Ludger aliendelea kuutazama uwazi.

"Au mwaka jana tuliwapiga wengi. Mpwa wangu ana uroho, nilimwambia." Akamimina kahawa. "We bwana, umemeza gundi? Tangu juzi unanikalia kama jiwe la kaburi."

"Si mbweha, Rosaire."

"Ni nini basi?"

Ludger akamwambia. Alianza na Zizini, lakini maneno yakamkimbilia kwenye ile siku ya Machi, akayatoa yote, mstari, damu, ndama na tawi mdomoni. Rosaire alisikiliza kikombe kikiwa mkononi hadi kikapoa. Mtu yule asiyejua kunong'ona alinong'ona.

"Mbona hukuniita? Ningekuja na trekta. Ningewafungulia njia."

"Sikutaka unione."

"Mungu wangu." Rosaire alitazama uwazi. Kisha akapata sauti yake ya siku zote, ila ilikuwa imechuja. "Lakini sikiliza. Ile baridi ilikuwa ya ajabu. Hata miti ingekuwepo, wengi wangekufa. Ungefanya nini wewe?"

"Wengi wangekufa," Ludger alikubali. "Siyo wote. Na wasingekufa kwa kuniitikia."

Rosaire alimwaga kahawa iliyopoa, akakunja kiti chake. Wakashuka. Kwenye ngazi, Rosaire alimshika kiwiko, kitu ambacho hakuwahi kufanya, na hawakurudi tena kwenye dungu lile msimu huo.

Jumapili Ludger alikwenda kwa dada yake. Alikuwa amejiandaa kuanzia mbali, aeleze hali ya hewa kwanza, wadudu, mashine. Olivette alikuwa amepika kuku.

"Najua hakuna nyama mwaka huu," alisema kabla Ludger hajakaa. "Mke wa Rosaire ameniambia."

"Amekwambia na kwa nini?"

"Hakuna haja ya kuniambia kwa nini. Machi nilikuwa dirishani. Siku ya kwanza ulipita na msumeno na kigari. Siku ya pili ulipita ukirudi asubuhi na mapema. Niliuona uso wako, Ludger. Sijawahi kuuona hivyo hata siku tulipomzika mkeo."

Ludger aliweka kofia yake magotini. "Mbona hukuuliza?"

"Nilitaka uje mwenyewe. Nimekungoja miezi minane."

Akamsimulia. Olivette hakulia, wala hakumkatiza.

"Nisamehe, dada," Ludger alisema. "Uliniambia. Uliniuliza watakaa wapi, nikakucheka."

"Usiniombe mimi." Olivette alikuwa anakwangua kitu kisichokuwepo kwenye kitambaa cha meza. "Nilijua si sawa. Mara tatu nilikataa, na mara ya nne nikasaini kwa sababu nilichoka kukusikiliza, na nilitaka tule Jumapili moja kwa amani. Hilo nalo nililala nalo. Unafikiri ni wewe peke yako unayeamka saa tisa?"

Ludger alizoea kwamba kosa lilikuwa lake, amelizungushia mikono kama mtu anayelinda sahani yake, na sasa dada yake alikuwa amevuta kiti akaketi upande wa pili. Hakujua kama hilo lilimpunguzia mzigo au lilimwongezea. Walikula kuku. Alikuwa mkavu kidogo, na wote wawili walisema ni mzuri.

Mwezi uleule, kabla theluji haijafunika visiki, alimpeleka Zizini mtaalamu wa misitu, mwanamke kijana mwenye miwani, akamwonyesha mahali pale. Alitaka kujua mierezi itarudi lini. Mtaalamu alitembea, akainama, akapekua visiki, akaandika.

"Misonobari itakuja yenyewe," alisema. "Miaka arobaini, hamsini, itaanza kuzuia theluji. Mierezi siwezi kukuahidi, baba. Inakua polepole, na kulungu wakirudi wanakula michanga yote kabla haijafika magotini."

"Kwa hiyo wakija, haioti. Na isipoota, hawaji."

"Ndiyo, ni kama hivyo."

Alimshukuru. Akirudi kwenye gari alipiga hesabu ya umri wake, akaiacha njiani.

Kulungu waliosalia wa vilima vile walikwenda wapi, kila mtu alijua. Walikuwa wamehamia mjini. Nyuma ya nyumba zilizo karibu na kituo cha mafuta kulikuwa na ukuta wa misonobari ya kupandwa, na bibi mmoja aliwamwagia shayiri uani. Ishirini hadi thelathini walikaa humo baridi nzima, wakila maua ya watu na kuvuka barabara kuu huku na huku. Hakuna anayeruhusiwa kupiga bunduki pale. Magari yaliwagonga wawili watatu kila mwezi.

Siku moja ya Februari, mchana, Ludger alikuwa akimpeleka Olivette kwa daktari wa macho. Walipokaribia kituo cha mafuta, jike alitoka kati ya nyumba mbili na ndama wake, akaingia barabarani, akasimama. Ludger akakanyaga breki. Jike hakusogea. Lami ilikuwa imemwagwa chumvi, naye akainamisha kichwa akaanza kuilamba.

Nyuma yao lori lilipiga honi. Ndama alishtuka, akateleza, miguu ikamtawanyika, akaanguka kifudifudi juu ya mstari wa katikati ya barabara.

Ludger aliwasha taa za tahadhari, akafungua mlango akashuka. Alitembea hadi nyuma ya pikapu, akasimama katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili. Dereva wa lori aliteremsha kioo.

"Mzee, vipi? Watimue hao, nina safari!"

"Ngoja kidogo."

"Piga makofi tu, wataondoka!"

"Nimesema ngoja," Ludger alisema.

Magari yakapangana, matatu, matano. Mtu mmoja aliyemfahamu alitoa kichwa akamtania kama ameajiriwa kuwa trafiki. Ludger hakushusha mikono. Baridi ilimwingia kwenye vidole, kwa kuwa glavu alikuwa ameziacha ndani. Hakugeuka, aliogopa kwamba akigeuka, wakamwona uso, labda watamfuata. Alimtazama Olivette kwenye kioo cha lori, kilichoakisi pikapu nzima, ili ajue kinachoendelea mbele, na Olivette, ambaye macho yake hayakuona vizuri kitu cha mbali, alikuwa ameegemea kioo cha mbele, amekaza macho, akimwashiria kwa kiganja: bado, bado, bado kidogo.